Karatasi Isiyo na Mshale

Injenia Bosenge alizikwa siku ya Jumanne. Siku ya tatu ya matanga binti yake alinishika mkono akaniingiza katika chumba ambacho sikuwa nimekikanyaga kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nikija nyumbani kwao mara kwa mara, lakini nilikaa barazani, nikanywa chai barazani, na kuaga nikaagia palepale. Meza ilikuwa ileile, milango miwili iliyolazwa juu ya vigogo. Ukutani ilikuwa ile picha kubwa ya milima tuliyoibandika kipande kwa kipande, sasa imegeuka rangi ya chai, lakini haikuwa imebanduka hata pembe moja. Karibu na katikati palikuwa na pengo la pembe nne, nafasi ya ukubwa wa trei ya vikombe, ambapo ulionekana ukuta mtupu. Binti yake akasema, "Mama Masika, Papa alikataza mutu yeyote asiweke kintu hapa. Alisema mwenye fasi anajua." Mdogo wangu Kavira, aliyekuwa amesafiri kuja kumlilia mzee aliyemlisha utotoni, alikuwa nyuma yangu mlangoni. Akauliza, "Mwenye fasi ni nani?" Nilimjibu alasiri, na jibu hilo lilinilazimu kurudi nyuma hadi mwaka wa vita, kama ninavyorudi hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kuhusu wazazi wetu nitasema tu kwamba wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, kwamba mimi ndiye mkubwa, dada waliyemwita Yaya, na kwamba nyuma yangu walikuwa Kambale, mwenye miaka kumi na mitatu, na Kavira, mwenye miaka tisa. Shule nilikuwa nimeiacha nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari. Jirani yetu katika mtaa wa Tshopo alikuwa Tonton Shabani, mtu wa Maniema, mchoraji ramani wa ofisi moja ya misitu ambayo wakati ule haikuwa tena na ofisi, kwa sababu askari walikuwa wamehamia humo. Injenia Bosenge, mkuu wake, alikuwa ameokoa masanduku ya karatasi kwa mkokoteni na kuendelea na kazi nyumbani kwake. Hakuna aliyemwagiza aendelee. Walihitaji mtu wa kupika chakula cha mchana na kufagia, Shabani akanitaja mimi. Malipo yangu yalikuwa chakula: nikipika lituma, zile ndizi za kuchemsha tunazozitwanga na kuzifinyanga madonge, nilipika ya watu watano, na ya watatu niliyafunga kwenye majani nikaenda nayo nyumbani.

Karatasi zile zilikuwa nzito, zenye kung'aa, nyeusi na nyeupe, zilizoletwa kutoka nchi za mbali. Mwanzoni nilidhani ni picha za ngozi ya mnyama. Kisha nikamsikia Injenia akimweleza mgeni mmoja kwamba ni msitu uliotazamwa na satelite kutoka juu sana, si kwa mwanga wa jua bali kwa rada. Rada, alisema, inafanya kama popo: inatupa mlio wake, inasubiri urudi, na kwa jinsi ulivyorudi inajua kilicho mbele. Mawingu haiyajali, giza haijali. Kwa nchi kama yetu, ambako wingu halibanduki juu ya msitu, na kwa miaka ile, ambapo hakuna aliyeweza kwenda kupima miti kwa miguu bila kukutana na bunduki, hilo lilikuwa jicho pekee lililobaki. Mto ulitokea mweusi, kwa sababu mlio uliteleza juu ya maji ukaenda zake. Msitu ulitokea mweupe wenye chembechembe, kama unga wa muhogo uliomwagika. Mahali palipofyekwa au kuchomwa palitokea peusi.

Niliingia katika kazi yenyewe kwa sababu ya gundi. Siku moja nilikuwa nikipakua pondu, kisamvu chetu, nikawasikia wakibishana mezani. Gundi ya dukani ilikuwa imekwisha na mji mzima haukuwa na nyingine. Nilirudi jikoni, nikakoroga unga wa muhogo, ule wa ugali wa fufu, kwa maji, nikaupika hadi ukawa mzito na kung'aa, nikawaletea katika kikombe. Injenia alipaka kidogo, akabandika, akasubiri, akavuta. Haikutoka. Shabani akatikisa kichwa. "Bon, vita imefika. Batu bana njaa, na siye tunalisha milima fufu!" Tangu siku ile nilikuwa mbandikaji. Nilizipiga karatasi pasi ya makaa kupitia kitambaa ili zinyooke, nikakata ukingo, nikaunganisha mto na mto, mgongo wa mlima na mgongo wa mlima. Mikono yangu ilikuwa mitulivu, na walilisema hilo mbele yangu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenifanyia tangu nilipoacha shule.

Kulikuwa na sheria moja tu katika chumba kile, na Injenia aliisema kila tulipofungua sanduku: "Mushale kwanza." Kabla ya mtu kusoma chochote kwenye karatasi, yeye mwenyewe alitazama namba zilizochapwa pembeni, akafanya hesabu, akachora kwa penseli ya buluu mshale mdogo wa kuonyesha satelite ilitazama kutoka upande gani. Ikipita ikipanda kaskazini ilitazama kutoka magharibi. Ikipita ikishuka kusini ilitazama kutoka mashariki. Katika tambarare za huku kwetu, kuelekea Yanonge na Basoko, mshale haukuwa na maana kubwa. Mashariki, kwenye milima, ulikuwa kila kitu. Nilipomuuliza kwa nini, aliagiza nilete sahani yangu ya lituma. Aliweka donge moja katikati, akafunga dirisha, akawasha tochi akailaza mezani. Upande mmoja wa donge ukawaka, nyuma yake kikalala kivuli kirefu.

"Nyuma kuko nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, Papa Injenia."

"Angalia muzuri." Akaondoa tochi. Nyuma ya donge kulikuwa na kipande cha samaki ambacho sikumwona akikiweka. "Samaki alikuwa pale tangu mwanzo. Tochi haikumuona, ni hiyo tu. Nyeusi ya kivuli haiseme kintu, Masika. Haiseme kuko muti, haiseme hakuna muti. Weye usiseme samaki ameungua."

Shabani akanyoosha mkono, akamchukua samaki, akamtia kinywani. "Donc sasa ni kweli," akasema huku akitafuna, "hakuna kintu."

Tulicheka hadi mke wa Injenia akaja kuchungulia. Leo nikiikumbuka siku ile, kinachonisumbua ni kwamba nilielewa. Haikuwa kwamba sikufundishwa.

Katika mji kulikuwa na majeshi mawili ya kigeni, yaliyokuja pamoja kama marafiki na kisha yakaanza kutazamana vibaya. Yalikuwa yamepigana mara moja, yakanyamaza, na kila mtu sokoni alijua kwamba yangepigana tena. Mama Kahindo, jamaa ya mama yetu, aliyekuwa akiuza maharagwe ya milimani kwa jumla, alikuja kwetu siku ya Alhamisi asubuhi na habari za ndege ya Jumamosi, akakataa kiti.

"Masika, niko na fasi mbili mu avion ya siku ya posho, ya batoto. Weye utabakia, uko mukubwa, utajipanga. Kule Butembo ntabatia mu camion, koko yao atabapokea. Leta jibu kesho mbele ya saa sita. Kuko bengine banalilia hii fasi."

Kambale, aliyekuwa akifunga mnyororo wa toleka ya mtu, baiskeli ya kubebea abiria, alisema bila kuinua kichwa, "Miye siendi kula viazi kila siku."

"Utakula mawe kama nikikuambia," nikamjibu. Kavira alikuwa amekwisha kulitoa gauni lake la kanisani na kulikunja.

Koko, nyanya yetu, aliishi upande wa magharibi wa milima, mahali mashamba yanapokoma na msitu kuanza. Nilifika huko mara moja nikiwa mdogo. Nilikumbuka baridi, moshi wa mikaratusi, na mito miwili inayokutana chini ya kijiji kama kidole gumba na kidole cha shahada. Kwenye karatasi za zamani nilikuwa nimekwisha kukitafuta kilima chake peke yangu, bila kumwambia mtu, na kukipata: ukucha mmoja wa weupe juu ya mito miwili. Kila niliposafisha meza nilikigusa.

Ijumaa asubuhi Injenia alikuwa kitandani na malaria, meno yakigongana. Shabani alikuwa ametoka kutafuta kwinini. Mezani kulikuwa na sanduku jipya, lililoletwa na padri mmoja juma lile, na karatasi zake hazikuwa bado na mshale. Nilizifungua. Nilitafuta mito miwili nikaiona. Juu yake, pale kilima cha koko kilipokuwa cheupe, palikuwa peusi. Peusi kabisa, kutoka mgongoni hadi karibu na maji. Kwa miezi miwili sokoni nilikuwa nikisikia kwamba huko milimani wanachoma vijiji. Sasa nilikuwa nimeshika picha yake mkononi.

Mlango wa chumba cha Injenia ulikuwa wazi. Kutoka mezani hadi kitandani kwake hazikuzidi hatua kumi, na nilimsikia akikohoa, akimwomba mke wake maji. Alikuwa macho. Nilisimama nikiwa na karatasi mkononi kwa muda, kisha nikairudisha katika sanduku, nikafunga, nikaenda kwa Mama Kahindo.

"Hawaendi," nikamwambia. "Kule kumeungua."

"Nani alikuambia?"

"Nimeona."

"Umeona na macho?"

"Nimeona kwa karatasi, kwa Injenia. Satelite imeona."

Alinitazama sana. Yeye aliyekuwa akibishana na marubani, na maofisa, na kila mwenye muhuri, hakujua abishane vipi na kitu kinachotazama kutoka mbinguni. "Bon," akasema. "Kama karatasi imesema." Siku ya Jumamosi watoto wa mtu mwingine waliketi kwenye zile nafasi mbili. Kavira alilirudisha gauni mahali pake. Kambale alipiga mluzi siku nzima.

Siku chache baadaye, mwezi wa sita, yale majeshi mawili yalipigana ndani ya mji kwa siku sita. Kila aliyekuwapo anazo siku zake sita, na zangu si tofauti sana na za wengine. Tulilala chini ya kitanda, magodoro yakiwa yameegemezwa dirishani. Shabani alivunja kipande cha uzio kati ya nyumba zetu ili tuweze kupita tukitambaa. Umeme wa bwawa ulikatika, maji ya bomba yalikatika. Tulikula karanga mbichi, kisha unga mkavu niliokuwa nimeuweka kwa gundi. Siku ya nne asubuhi kukawa na ukimya, ukimya wa kweli, hata kuku walitoka. Maji yalikuwa yamekwisha tangu jana yake. Kambale alichukua bidoni ya njano, dumu letu la maji. Nilimwambia asubiri. Akasema, "Yaya, chemchemi iko hapa tu, narudia saa hii," naye alikuwa sahihi kwamba ilikuwa hapa tu. Kutoka mlangoni ungeweza kumwona mtu anayeteka. Bomu lilianguka kati ya chemchemi na mchikichi wa jirani. Shabani na mimi tulimleta ndani. Tulimzika nyuma ya nyumba, kama watu wengi wa mtaa walivyozika watu wao juma lile, na Shabani, ambaye ni Mwislamu, alimwachia Kavira aongoze Baba Yetu, kwa sababu mimi nilikuwa bado nikifukia. Bidoni haikupata hata tundu moja. Tuliitumia miaka mingi.

Majuma matatu baadaye nilirudi kazini. Injenia alikuwa amepona, amekonda, shati likimning'inia. Alinipa pole kwa maneno machache, akashika mkono wangu kwa muda mrefu. Kisha, kwa kuwa wote watatu hatukujua la kufanya isipokuwa kazi, alifungua lile sanduku jipya. "Mushale kwanza," akasema, akachukua penseli ya buluu. Alisoma namba, akachora, akanisogezea karatasi. Akachora nyingine. Ilikuwa karatasi ya nne au ya tano nilipotambua ninachokiona: mishale yote ilitoka mashariki. Zile za zamani zote zilikuwa zimetazama kutoka magharibi.

Nilitoa karatasi ya koko, nikaiweka kati ya jirani zake. Mara ya kwanza nilikuwa nimetazama sehemu moja tu, ukubwa wa ukucha. Sasa nilitazama kilima cha kushoto, na cha kulia, na vile vya kaskazini. Vyote vilikuwa vyeusi upande wa magharibi na vyeupe kama chumvi upande wa mashariki. Milima yote haiwezi kuungua upande mmoja. Mtoto angeliona hilo, kama angetazama kilima cha pili.

Niliwaambia palepale. Niliwaambia kuhusu ndege, kuhusu Mama Kahindo, kuhusu mlango uliokuwa wazi. Shabani alitoka nje. Injenia alibaki ameketi, penseli mkononi.

"Uliniita?" akaniuliza.

"Hapana, Papa."

"Nilikuwa wapi?"

"Pale. Kitandani."

Hakuniuliza kwa nini sikuita. Alichora mishale kwenye karatasi zote zilizobaki, isipokuwa ile moja. Hiyo aliiweka mbele yangu pamoja na penseli. "Hii utaweka weye," akasema. "Siku utaweza." Sikuweza siku ile, wala juma lile. Nilibandika nyingine zote, ukuta mzima wa milima, na katikati nikaacha nafasi. Kabla ya mwaka kwisha ilifika barua ya koko, iliyobebwa na mchuuzi mmoja, iliyoandikwa kwa mkono wa katekista wake. Alisema hawajaona askari. Alisema maharagwe yamezaa, kwamba ametenga blanketi mbili, na aliuliza kwa nini watoto hawajafika. Niliisoma mara moja. Nilimwambia Kavira kwamba koko anatusalimia. Juma lililofuata niliacha kazi ya karatasi nikaanza kuuza lituma karibu na soko, na biashara hiyo ndiyo iliyomsomesha Kavira hadi akawa mwuguzi. Injenia alikula kwangu mara nyingi. Hakutaja ile karatasi hata siku moja, na mimi nilimshukuru kwa hilo. Sasa, baada ya kuliona lile pengo ukutani, naona kwamba alikuwa akiitaja kila siku.

Hayo yote nilimweleza Kavira alasiri ya matanga, tukiwa tumeketi juu ya ile milango miwili kama watoto, huku uani wanawake wakiosha masufuria. Binti wa Injenia alikuwa ameitoa karatasi ile katika bahasha aliyoiacha baba yake na kutuachia. Kavira alisikiliza hadi mwisho. Ana njia ya kusikiliza ya wauguzi, bila kukusaidia. Kisha akasema:

"Yaya, miye na Kambale tulijua."

"Mulijua nini?"

"Si mambo ya satelite. Tulijua hukutaka kubakia peke yako. Tulisema ile usiku, mu kitanda. Kambale akasema, 'Yaya anaogopa nyumba mutupu.'"

Kwa miaka yote nilikuwa nimejishtaki kwa kusoma vibaya, na hilo ni kweli. Lakini mtu anayetaka kusoma vizuri anatembea hatua kumi. Nilikuwa nimetafuta karatasi ya kuniambia nisiwapeleke, nikaipata, na sikutaka mtu anayejua aitazame.

"Ni kweli," nikamwambia. "Hiyo pia ni kweli."

"Alifurahi, Kambale," akasema Kavira. "Haibadilishe kintu. Lakini alifurahi kubakia, hilo ujue." Akafuta uso kwa kiganja, akaiinua karatasi, akaigeuza huku na huku. "Sasa hii inashikwaka namna gani?"

Nilienda jikoni, nikaomba unga wa muhogo, nikapika gundi katika kikombe. Wapishi wa matanga walinishangaa lakini hawakuuliza. Niliporudi, Kavira alikuwa ameipata penseli ya buluu katika sanduku moja la karatasi, imebaki fupi kama kidole. Nilisoma namba pembeni, ingawa sikuwa na haja nazo, nikachora mshale kutoka mashariki. Tukapaka, tukapandisha, yeye akishika pembe za chini na mimi za juu. "Kushoto kidogo, Yaya. Mto haukutane." Nikasogeza. Mto ukakutana na mto. Weusi wa kilima cha koko ukaungana na weusi wa vilima vya jirani, mstari mmoja wa vivuli, vyote vimelala upande mmoja. Tulisimama tumebana viganja ukutani, tukisubiri gundi ishike.